Jina Lililobaki Bila Mtu

Mbuzi wenye hereni za kijani walikuwa na kiburi. Hilo Luhende alilijua tangu alipokabidhiwa zizi la Ghala la Majina, pale nje kidogo ya Tabora. Wenye hereni nyekundu ukiwapigia mluzi wanageuka. Wenye nyeupe ukigonga debe la pumba wanakuja mbio mpaka wanakukanyaga vidole. Lakini hawa wa kijani! Unaita, unapiga mluzi, unagonga debe mpaka mkono unauma, na wao wametazama upande wa Urambo wanatafuna tu, kama wakubwa wanaosomewa malalamiko ya wananchi.

"Mtakufa na kiburi chenu," aliwaambia asubuhi hiyo kama alivyowaambia asubuhi nyingine zote. Kisha akazunguka mpaka mbele yao, wakamwona, na hapo ndipo wakamfuata kwa upole kana kwamba hakuna lililotokea.

Hata hivyo aliwapenda. Kazi hii aliichukua kwa moyo mbaya. Mkewe Kalunde alipofariki kwa maradhi ya figo, Ghala lilimwita, likamwambia kuwa kwa sheria yeye ndiye msimamizi wa jina la marehemu, na kwa kuwa hakuwa na shughuli, kulikuwa na zizi linahitaji mtu. Alitaka kuwatemea mate. Ni watu hawahawa waliomwambia mkewe kwamba dawa hakuna, tena kwa kutabasamu, kama muuza duka aliyeishiwa sukari. Lakini nyumbani kulikuwa kimya mno. Akaja. Mbuzi wakamlainisha. Sasa alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, mipapai nyuma yake, redio, na chai ya tangawizi kila anapotaka. Ukiwaondoa wakubwa, Luhende hakuwa na ugomvi na dunia.

Bajaji isiyo na dereva ikasimama getini, na sauti ya Siwema ikatangulia kabla ya mwenyewe.

"Nimekwambia usimame kivulini! Kivulini! Hii takataka haijui kivuli ni nini."

"Nakutakia siku njema, mama," bajaji ikasema.

Siwema akaisonya. Alikuwa mdogo wake Kalunde, mjane kama Luhende alivyokuwa mgane, na tangu msiba aliapa kwamba shemeji yake hatakula ugali wa kununua madukani maadamu yeye yuko hai. Alishika bakuli la mlenda wa karanga mkono mmoja na ugali mkono wa pili.

"Shemeji! Unagombana na mbuzi tena? Wenzako wa rika lako wanagombana na wajukuu."

"Wajukuu wanasikia?"

"Hawasikii. Lakini angalau wanabisha."

Luhende akacheka, akampokea mzigo. Alipoinama aliona ndala. Siwema alivaa ndala za kiume, kubwa, kwa sababu za kwake hazikuingia tena. Juu ya kamba za ndala nyama ya mguu ilikuwa imevimba, inang'aa, na pale alipokuwa amejikuna kidole kilikuwa kimeacha shimo lisilojaa haraka. Luhende aliyajua mashimo hayo. Aliyaona kwenye miguu ya Kalunde, mwaka wa mwisho.

"Usinikodolee miguu," Siwema akasema. "Watu watasema."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nimekwenda. Kasema ni kile kile cha dada, kiko kwenye damu yetu. Nimemuuliza dawa, akatabasamu. Kula, ugali unapoa."

Kabla hajamega tonge akaja Nyamizi kutoka jengo kubwa, anatembea haraka, miwani kaipandisha kichwani. Nyamizi alikuwa mtunza majina wa Ghala, mwanamke aliyesoma mpaka basi, na katika jengo lote ndiye pekee ambaye Luhende alimjibu salamu kwa moyo mmoja.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tule."

"Ahsante, nimeshiba." Hakuonekana mtu aliyeshiba. Alipita nyuma ya mbuzi wa kijani, akapiga makofi kwa nguvu. Nyekundu na nyeupe wakaruka wote. Wa kijani hata sikio halikutikisika. Akapiga tena, karibu kabisa. Kimya.

"Umeona kiburi hicho?" Luhende akasema.

"Baba, hawa si viburi. Hawa ni viziwi."

Luhende akaliacha tonge hewani. "Viziwi? Miaka yote hii nawatukana bure?"

"Hawakusikia hata tusi moja."

Siwema alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nyamizi hakucheka. Akamwambia Luhende, kwa sauti ya chini, kwamba waende ndani, kuna habari ya jina la mama Kalunde.

* * *

Ukuta wa ndani ya Ghala ulikuwa taa tupu. Ulisimama kama mti mkubwa wa mwanga, kila tawi mnyama wake, na kwenye kila tawi vijitaa visivyohesabika, kila kimoja na jina pembeni. Kila kijitaa ni jeni moja, yaani amri moja ndogo iliyomo mwilini: fanya hiki, acha kile.

Zamani jeni zilikuwa na majina ya herufi na tarakimu. Kisha daktari mmoja, kwenye mji ambao sasa hautajwi, alikosea tarakimu, akaibandika amri ya jeni moja kwa jirani yake, na mji mzima ukazika. Wakubwa wa dunia wakakutana, wakala, wakanywa, wakapiga picha ya pamoja, wakaamua kwamba kuanzia hapo kila jeni ibebe jina la mtu wa kwanza ambaye ilionekana kwake. Mtu anaweza kuchanganya tarakimu, lakini nani atamchanganya Kalunde na Mwashamba? Na kila jina likawekewa msimamizi kutoka kwenye familia, ambaye bila kiganja chake kwenye kioo hakuna anayeligusa.

Tangu hapo daktari haandiki dawa. Anautajia mtambo jina la jeni na kazi anayoitaka: amka, lala, punguza, ongeza. Mtambo unapika tone. Tone likiingia mwilini linamsaka mwenye jina lile, haligusi mwingine. Na jeni ya mtu ikiwa na ndugu yake kwenye mbuzi, zote mbili hupewa jina moja, na watu wa Ghala husema hizo ni somo. Tone lililoponya somo kwa mbuzi ndilo linaloruhusiwa kwa mtu. Lisilopita kwa mbuzi halipiti popote.

"Baba," Nyamizi akaanza, "kwenu kuna pacha?"

"Mama yangu ni Shija. Kawafuata pacha, Kulwa na Doto."

"Vizuri. Basi zamani sana, kabla mbuzi hajawa mbuzi na mtu hajawa mtu, kulikuwa na kiumbe kimoja, babu wa wote. Ndani yake jeni moja ikajirudufu. Zikawa mbili, sura moja, Kulwa na Doto. Kulwa akabaki na kazi ya nyumbani: figo. Doto akaona kazi ya zamani ina mtu tayari, akatoka kutafuta yake, akaishia ndani ya sikio. Watoto wote wa babu yule tukarithi wote wawili. Wewe unao. Mbuzi wanao."

"Endelea."

"Aliyeharibika kwa mama Kalunde ni yule wa figo. Huyo ndiye akapewa jina lake, na ni sawa kabisa. Kisha mtambo ukaambiwa: mtafute Kalunde kwenye mbuzi. Mtambo ukatazama sura. Sasa, kwa mbuzi, wa figo sura imebadilika sana. Wa sikio ndiye aliyebaki na sura ya familia. Mtambo ukamshika huyo ukasema, Kalunde huyu hapa. Haukuuliza anakaa mtaa gani, majirani zake ni kina nani, anafanya kazi gani."

"Na mtu hakuuliza?"

"Kulikuwa na watu wa kuuliza. Walipunguzwa mwaka ule." Akageukia ukuta, akagusa taa moja, na zaidi ya matawi arobaini yakawaka pamoja. "Ng'ombe akanakiliwa kutoka kwa mbuzi, mbwa kutoka kwa ng'ombe, mpaka kwa fuko wa chini ya ardhi. Kila mmoja alimwamini jirani yake. Wanyama wote hawa wana Kalunde wa sikio. Mtu peke yake ndiye mwenye Kalunde wa figo."

Luhende alisimama akiutazama mti ule. Hakuwa mtu wa shule, na mambo hayo yalimwingia polepole, kama maji kwenye udongo mgumu. Lakini yaliingia.

"Lile tone walilompikia mke wangu. Lile lililofia kwa mbuzi."

"Liliitiwa Kalunde. Likaenda sikioni. Figo za mbuzi halikuzigusa, na mbuzi, hao hao wa kijani, wakawa viziwi. Ripoti ikaandikwa: halisaidii figo, tena lina madhara. Likazuiwa." Nyamizi akashusha miwani, akaipandisha tena. "Mimi sikuwepo, baba. Lakini nafanya kazi hapa, kwa hiyo nakwambia mimi. Dawa ilikuwepo. Iligonga nyumba siyo."

Luhende aliikumbuka sauti ya Kalunde ikimwambia anue nguo, mvua inakuja Sikonge, wakati angani hakuna hata wingu. Alikuwa na masikio ya ajabu yule mwanamke. Alimsikia mumewe akifungua kifuniko cha asali akiwa yeye yuko kisimani. Na mwishoni, kitandani, alisikia madaktari wakinong'ona kwenye korido, akamwambia Luhende: wanasema hakuna kitu, twende nyumbani.

Mlango ukafunguka kwa mbwembwe. Mkurugenzi Sizya hakujua kuingia mahali kimyakimya.

"Mzee wetu! Hazina yetu! Nyamizi amekueleza ile changamoto?"

Kwa wakubwa kosa halipo. Kuna changamoto tu.

"Amenieleza kosa," Luhende akasema.

"Ndiyo, ndiyo. Sasa habari njema: tunaimaliza leo. Wanyama wote wameshazoea Kalunde wa sikio. Tunachofanya, kwa binadamu tunamhamishia Kalunde sikioni naye, maana wa sikio kwa mtu bado hana jina, wote wanakuwa somo, mambo yanakaa sawa. Yule wa figo kwa wanyama hana jina, ana namba ya kusubiri tu. Tunampa jina jipya, kwa mbuzi na kwa mtu, kesho mtambo unapika tone. Wiki chache kwa mbuzi, kisha wagonjwa. Kinachotakiwa ni kiganja chako tu."

"Jina jipya lipi?"

"Tumefikiria jina la Mheshimiwa Waziri, ambaye amekuwa mstari wa mbele..."

"Waziri anaumwa figo?"

"Hapana."

"Basi anatafuta nini humo?"

Sizya akacheka kicheko cha mtu anayetazama saa. "Hilo tutalizungumza. La muhimu, lile jina la zamani kwenye figo tutalifuta kabisa, lisionekane hata kwa nyuma. Watu wasije wakachanganyikiwa."

Luhende akamgeukia Nyamizi. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo," Nyamizi akasema, na Sizya akakunja uso. "Jina lirudi kwa wa figo kwa wanyama wote. Lakini kila mnyama ana nchi yake na wasimamizi wake, lazima wote wakubali. Na kuna matone ya kutibu masikio ya ndama yanayotumika kila siku kwa jina hilo. Tukilihamisha ghafla, yote yataelekea kwenye figo, tutaua ng'ombe wa watu. Inabidi kwenda taratibu. Mvua zitaanza, zitakwisha." Akasita. "Kwa kweli njia ya Mkurugenzi si mbaya, baba. Wa kuhamishwa ni mmoja badala ya arobaini. Ningekuwa sikujui ningesema tufanye hiyo. Ile ya kufuta ndiyo siipendi."

"Na Siwema? Mvua zikianza na kukwisha?"

Nyamizi akatazama sakafu. "Mama Siwema hana hizo mvua."

Kioo cha kiganja kilikuwa palepale, kinawaka rangi ya maziwa. Luhende akakitazama, akautazama mkono wake wenye sugu, kisha akaurudisha mfukoni.

"Mlimuua," akamwambia Sizya, bila kupandisha sauti. "Sasa mnataka na jina lake liwafichie aibu."

Akatoka, akaenda kwa mbuzi wake.

* * *

Jua lilipoanza kulala alikwenda kwa Siwema. Alimkuta uani, miguu kaiegemeza juu ya kinu kilicholazwa, anabangua karanga. Luhende akavuta kigoda, akachukua fungu lake, wakabangua pamoja. Akamweleza yote, tangu Kulwa na Doto mpaka waziri. Alipofika kwenye tone lililogonga nyumba siyo, mikono ya Siwema ikasimama. Haikurudi kazini mpaka alipomaliza.

"Kwa hiyo ningeweza kuwa na dada mpaka leo," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu mashine ilitazama sura."

"Na kwa sababu wakubwa walipunguza watu wa kuuliza. Usiitupie mashine peke yake."

"Wewe na wakubwa!" Lakini alisema kwa upole. Akatupa maganda kwa kuku. "Sasa umekataa kwa ajili gani? Ya dada, au ya kumkomoa huyo Sizya?"

Luhende akakasirika, maana swali lilimpata pabaya. "Nikikubali, yule wa figo hatakuwa Kalunde tena. Ndiye aliyemuua, Siwema, na ndiye aliyebeba jina lake. Nimelichunga jina hilo pale, siku zote hizi. Ndicho alichoniachia. Na wao wanataka kulifuta kama chaki, waweke la waziri! Nikikataa, wewe..."

"Nyamaza hapo. Mimi usinifanye sababu. Nikifa nimekufa. Ukikubali, kubali kwa lako. Ukikataa, kataa kwa lako. Sitaki kuishi nikidaiwa jina la dada yangu na shemeji aliyenuna."

"Mimi nanuna?"

"Unanuna mpaka mbuzi wanajifanya viziwi."

Alicheka peke yake kwanza, kisha Luhende naye akashindwa kujizuia. Kuku wakasogea wakidhani wanaitwa. Walipotulia, Siwema akakaa anautazama mkono wake uliojaa karanga, kama mtu aliyeshikwa na jambo.

"Tena hilo jina lenyewe," akasema, "kwani dada alizaliwa nalo?"

"Una maana gani?"

"Hakukwambia? Mumewe mzima! Alizaliwa anaitwa Tausi. Baba ndiye aliyempa, palepale hospitali. Basi mtoto akalia. Halali, hanyonyi, analia mpaka sauti ikakauka. Shangazi akaja, akamwambia baba, huyu mnamwita kwa jina siyo lake. Akampakata, akaanza kumtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, huku mama kamwekea ziwa. Mtoto analia tu. Alipotajiwa Kalunde, bibi mzaa baba, akanyamaza hapohapo, akashika ziwa. Ikawa basi."

Luhende aliyajua mambo hayo. Kwao pia mtoto anayelia bila maradhi hutafutiwa jina. Lakini ya mkewe hakuwa ameambiwa.

"Na Tausi?"

"Tausi likabaki bila mtu." Siwema akavuta midomo kama mtoto aliyenyimwa. "Mimi nililitaka! Nilipopata akili nikasema, mimi Siwema sitaki, nipeni Tausi, zuri, lina manyoya. Baba akakataa kabisa. Akasema hilo ni la dada yako, hakulikataa kwa ubaya, liache lipumzike. Na watoto wote waliofuata ukoo mzima, hakuna aliyepewa. Liko tu."

Luhende akaendelea kubangua. Alibangua karanga nyingi bila kuzila hata moja, mpaka Siwema akamuuliza kama anafikiria au amesinzia.

"Alilia kwa kuwa jina lilikuwa mahali pasipo pake," Luhende akasema polepole.

"Ndiyo."

"Wakalihamisha, na hakuna aliyesema wamemdhulumu."

"Wangemwacha ndiyo wangemdhulumu. Angekufa na njaa, ana jina zuri." Siwema akamtazama kwa jicho la pembeni. "Haya, shemeji. Sijasema kitu mimi. Nilikuwa napiga soga."

* * *

Asubuhi Luhende alivaa shati lake la sikukuu, akawafungulia mbuzi, akawazunguka wa kijani mpaka mbele na kuwapa salamu ya mkono, kisha akaenda kwenye jengo. Sizya alikuwepo tayari, na maandishi ya jina la waziri yalikuwa yameshapangwa kwenye ukuta, yanasubiri.

"Nitaweka kiganja," Luhende akasema.

"Mzee wetu! Nilijua!"

"Kalunde ahamie sikioni, kwa mtu kama kwa wanyama. Sikio lilikuwa lake hata kabla yenu. Wa figo ataitwa Tausi."

Sizya akapepesa macho. "Tausi ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Mkeo si Kalunde?"

"Alianza kuwa Tausi." Akageuka kwa Nyamizi. "Mwanangu, inaruhusiwa? Ndugu wawili waliotoka kwa mzazi mmoja wakabeba majina ya mtu mmoja?"

Nyamizi alikuwa amekwishaelewa. Luhende aliona kwa jinsi alivyoshusha miwani na kuiacha puani. "Inaruhusiwa, baba. Tunapenda hivyo. Anayesoma anajua mara moja kwamba hawa ni pacha."

"Lakini Mheshimiwa Waziri..." Sizya akaanza.

"Waziri atapata yake siku atakayougua kitu kipya. Namwombea asipate. Na jambo la pili. Pale chini ya Tausi paandikwe kwamba zamani aliitwa Kalunde, na kwa nini limehama."

"Hapana. Hilo hapana. Tulishakubaliana kufuta."

"Nani na nani walikubaliana?"

Nyamizi akasema, akimtazama mkubwa wake usoni, kwamba kanuni ya Ghala ni jina la zamani kubaki chini ya jipya daima, ili aliyesoma vitabu vya kale asipotee. Kufuta ni ruhusa ya pekee, na ruhusa hiyo inatoka kwa msimamizi wa jina peke yake.

"Mimi siitoi," Luhende akasema.

Sizya akavuta pumzi. Akazungumza juu ya taswira ya taasisi, juu ya wafadhili, juu ya watu wasio na nia njema watakaosoma na kutafsiri vibaya. Alizungumza vizuri, maneno yamenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Luhende akamwacha amalize. Jana angemjibu kwa matusi yale ya mbuzi. Leo aligundua hana hata hamu, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

"Mkurugenzi," akasema, "kuna mtu ana miguu imevimba hapo mjini. Mkono wangu huu hapa. Ukiutaka bila hayo maandishi, naurudisha mfukoni, na utakwenda wewe mwenyewe kumweleza kwa nini tone lake halijapikwa. Nitakupa na bajaji. Inatakia watu siku njema."

Sizya akautazama ukuta, akautazama mkono, akajipangusa paji la uso.

"Andika," akamwambia Nyamizi, na akatoka, mara hii bila mbwembwe.

Luhende akaweka kiganja. Kioo kilikuwa cha moto kidogo, kama shavu la mtoto. Kwenye mti wa mwanga, taa moja ya tawi la binadamu ikazimika, na moyo wake ukazimika nayo kwa muda mfupi. Kisha ikawaka pembeni, mahali pa sikio, na matawi zaidi ya arobaini yakaitikia kwa rangi ileile, Kalunde kwa Kalunde. Nyamizi akaandika tena. Taa nyingine ikawaka, kwa mtu kwanza, halafu kwa mbuzi, halafu ng'ombe, mbwa, mpaka kwa fuko, mpya zote, hakuna aliyewahi kuziita. Chini yake maandishi madogo: Tausi. Zamani Kalunde. Jina lilihamishwa baada ya Ghala hili kulibandika kwa pacha wake kimakosa kwa wanyama wote. Dawa iliyofaa ilikataliwa kwa sababu hiyo.

"Nisomee tena," Luhende akasema.

Nyamizi akamsomea tena.

* * *

Mbuzi waliopewa tone la Tausi walivalishwa hereni za manjano. Figo zao zilipona vizuri, na Luhende akagundua taabu mpya: walikuwa wanasikia kila kitu. Akifungua kifuniko cha debe, hata ndani ya nyumba, wanalia zizi zima. "Huyo ni Kalunde huyo," akawa anawaambia, na kwenda kuwapa pumba. Wa kijani hakuwatukana tena. Alijifunza kuwaita kwa kupunga kitambaa chekundu, wakawa wanakuja mbele ya wote, na yeye akaona aibu kwamba hakuwahi kufikiria jambo jepesi kama hilo.

Siwema alipopewa tone lake alikunja uso, akasema halina ladha, na kwamba kitu kilichosumbua watu hivi kingepaswa angalau kuwa na chumvi. Hakukufuata miujiza. Mguu mmoja ulianza, wa pili ukachelewa. Halafu siku moja, kabla ya mvua za kwanza, bajaji ikasimama getini, kivulini, na Siwema akashuka na mabakuli yake. Ndala za kiume hazikuwepo. Alivaa viatu vyake mwenyewe, vya buluu, vyenye vifungo pembeni, na alitembea taratibu makusudi ili vionekane.

"Mbona husemi kitu?" akauliza.

"Nimeona. Vinakubana."

"Havibani hata kidogo, wewe mzee mwenye wivu." Akakaa kwenye jiwe, akainyoosha miguu mbele, akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Nyama ikashuka, ikarudi juu palepale. Akabonyeza tena, kwa raha tu ya kuitazama ikirudi.

"Yule binti kaniambia," akasema, "lile tone linaingia mwilini linaita. Linapita kila mahali linaita Tausi, Tausi, mpaka ndani ya figo kunaitikiwa."

"Ndivyo wanavyosema."

"Yaani humu ndani naitwa Tausi."

"Unaweza kusema hivyo."

Siwema akaufunua mlenda, akampa tonge la kwanza kwa mkono wake, na uso wake ulikuwa umejaa kama wa mtoto aliyeshinda ubishi wa siku nyingi.

"Baba alininyima," akasema. "Nimelipata."